Kwa nini Kolwezi wanasema "batoto"

Msomaji wa habari kwenye redio anasema "watoto" na "vitu". Sokoni Kolwezi, mama anasema "batoto" na "bintu", na mtoto mdogo anamwita "katoto". Wengi wameambiwa kwamba hicho ni Kiswahili kilichoharibika. Historia inasema vingine.

Kiswahili kilifika Katanga na misafara ya biashara. Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891, mwenyewe alikuwa mtu wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Kisha ikaja kazi ya shaba. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville (Lubumbashi) mwaka 1910, na Kolwezi ikaanzishwa mwaka 1937. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Katika kambi za mgodi walihitaji lugha moja, wakachukua Kiswahili.

Lakini kila mtu aliingia nacho akiwa na lugha ya mama yake. Kiluba cha Katanga na Tshiluba ya Kasai husema "ba-" kwa watu, "bi-" kwa vitu, "ka-" kwa kidogo kimoja na "tu-" kwa vidogo vingi. Kibemba pia kina "ba-", "ka-" na "tu-". Lugha hizo zilipokubaliana, Kiswahili cha mgodi kikafuata.

Pwani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa vitabu na shule katika makoloni ya Waingereza. Katanga ilikuwa chini ya Wabelgiji.

Vijana wanaosoma kompyuta wanajua jambo kama hilo. Katika lugha ya programu ya C, herufi moja iliyoandikwa peke yake huhesabiwa kama namba nzima, kwa sababu B, mzazi wake, haikutenganisha aina. C++, iliyotoka kwa C, iliipa herufi aina yake. Ni ndugu, lakini kila moja ilipangwa na kazi yake.

Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi na Likasi, zikalala stesheni zikingoja treni. Ziliitwa za wageni. Lakini baba na babu zao walikuwa kati ya waliotengeneza Kiswahili hiki. Waliowafukuza waliwafukuza kwa kusema "bale batu", na hiyo "ba-" ilikuwa ya wote wawili.