Chokaa, Kutoka Makaburi ya Kunduchi Mpaka Kilima cha Wazo

Katika barabara itokayo Mwenge kwenda Bagamoyo, Wilaya ya Kinondoni ina majengo mawili yaliyo karibu kwa masafa lakini baidi kwa zama: mkono wa kulia, kuelekea baharini, yako magofu ya msikiti na makaburi ya Kunduchi, mkono wa kushoto, baada ya kufika Tegeta, kipo kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji, kilichoanza kuzalisha mwaka 1966. Wapitao njia hiyo ni wengi, na wakumbukao ni wachache, ya kuwa msikiti ule na kiwanda hiki ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana vyote viwili asili yake ni jiwe la chokaa, ambalo viumbe vya baharini ndivyo vilivyolijenga.

Kabla ya saruji, kila jengo la mawe tangu Lamu hata Kilwa lilisimama kwa chokaa. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ni ushahidi ulio wazi. Kazi yenyewe ilitaka kuni nyingi, na subira iliyozidi kuni. Magogo, aghalabu ya mikoko, yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu yake, kisha tanuu likawashwa moto. Jiwe hilo haligeuki mpaka joto lifikie takriban nyuzi 900 za Selisiasi, ndipo hewa ya ukaa iliyomo ndani yake inapotoka. Na jiwe lililo safi, lililoingia motoni likiwa na uzito wa kilo 100, hutoka likiwa na kilo 56 tu. Lililobaki humwagiwa maji, nalo huchemka na kufuka mvuke kwa ukali unaoweza kumwunguza asiyejihadhari, halafu huachwa siku nyingi lilainike. Fundi mwashi alilichanganya na mchanga, pengine na udongo mwekundu, akajengea mawe na kupigia lipu. Nao ukuta, kadiri miaka ilivyopita, uliivuta tena kutoka angani hewa ile ile iliyofukuzwa na moto, hata chokaa ikarudi kuwa jiwe. Sijui sanaa nyingine ya ujenzi iliyo na hikima kama hiyo.

Makaburi ya Kunduchi, yenye nguzo zilizopachikwa sahani za kaure kutoka China katika lipu yake, yalijengwa kwa ustadi huo, na sahani nyingi zimekwisha kung'olewa na wasio haya. Upande wa kusini wa bandari ya Dar es Salaam, huko Mbwamaji, iliyokuwa chini ya Temeke kabla ya Kigamboni kufanywa wilaya, kuna mabaki ya jamii hiyo. Na Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kuujenga mji wake mpya katika miaka ya 1860, hakuwa na kitu kingine cha kujengea: Boma la Kale la miaka ya 1866 na 1867, linalosimama hata leo karibu na bandari ya Dar es Salaam, ni mawe ya matumbawe na chokaa.

Wasio na uwezo wa mawe hawakunyimwa sehemu yao. Katika nyumba za Temeke na Magomeni, zilizokuwa na baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kuta za miti na udongo zilipakwa chokaa, na Idi ilipokaribia hazikukosa kupakwa upya. Chokaa hiyo hiyo, kidogo tu kwenye ncha ya kidole, hupakwa katika jani la tambuu pamoja na popoo, nayo ndiyo iletayo ule wekundu wa kinywa. Uraibu huo una madhara, wala siusifu. Chokaa pia hutiwa mashambani kupunguza uchachu wa udongo, huchora mistari ya viwanja vya mpira, na husafisha maji ya miwa viwandani.

Saruji ilipoenea, tanuu likapoteza hadhi. Si hasara tupu, maana kuchimba matumbawe hai kwa ajili ya chokaa, kama ilivyofanyika Mafia na Mikindani, kumeharibu miamba ambayo ndiyo mazalio ya samaki na ngao ya fukwe. Lakini mafundi wetu walizidisha wakaidhani saruji kuwa dawa ya kila ufa. Ukuta wa chokaa hupumua; ukipigwa lipu ya saruji unyevu na chumvi hufungiwa ndani, mawe hulika, na lipu mpya hubanduka ikiondoka na ya kale. Watunzaji wa Mji Mkongwe wa Unguja wamelijua jambo hili, wakairudia chokaa.

Basi walio na dhamana ya misikiti na makaburi ya kale, Kunduchi, Msasani, Mbweni na Mbwamaji, nawasihi wamtafute kwanza fundi anayeijua chokaa, maadamu mafundi hao bado wapo, kabla hawajanunua mfuko mmoja wa saruji.