Mali ya Wote Yataka Kauli ya Wote

Katika Mugoma na kata nyingine za Ngara, suala la nani aamue juu ya mali ya umma lina historia ndefu. Mamlaka ya machifu yalifutwa 1963. Halmashauri za wilaya zikavunjwa 1972, zikarejeshwa kwa sheria ya 1982. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja tu. Miti ya wenyeji ikageuka kuni, na dhiki haikungoja baraza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo iliyoikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila ya idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Haki hiyo huishi panapoitishwa mkutano. Pasipoitishwa, hubaki wino mtupu.