Eleanor Oliphant Is Completely Fine

Eleanor Oliphant Is Completely Fine ni riwaya ya kwanza ya Gail Honeyman, mwandishi kutoka Uskoti. Ilichapishwa mwaka 2017. Inahusu upweke wa mwanamke mmoja jijini Glasgow, jeraha la moyo alilolipata utotoni na namna anavyoanza kupona.

Jina la kitabu lina kejeli. Linadai kwamba Eleanor ni mzima kabisa, kama mtu anavyoitikia "sijambo" huku ana jambo zito moyoni.

Muhtasari

Eleanor anakaribia umri wa miaka 30 na anafanya kazi katika ofisi ya hesabu. Ana kovu la moto usoni. Ijumaa hununua piza na chupa mbili za vodka, kisha hazungumzi na mtu hadi Jumatatu. Kila Jumatano huongea kwa simu na mama yake, ambaye humdhalilisha.

Anampenda mwanamuziki asiyemfahamu, akiamini kwamba ndiye atakayebadili maisha yake. Wakati huohuo, yeye na Raymond, mtaalamu wa kompyuta kazini kwao, wanamsaidia mzee Sammy aliyeanguka barabarani. Kwa wema huo Eleanor anaanza kualikwa majumbani mwa watu.

Ndoto ya mwanamuziki inapovunjika, Eleanor anakata tamaa ya kuishi. Raymond anamkuta hoi kwa pombe na kumhudumia. Baadaye, kwa msaada wa mshauri nasaha Maria Temple, Eleanor anakumbuka kwamba mama yake aliichoma nyumba yao na kwamba mdogo wake, Marianne, alikufa. Mwishoni inafichuka kuwa mama naye alifia katika moto huo. Mazungumzo ya Jumatano yalikuwa akilini mwa Eleanor tu.

Usimulizi na dhamira

Eleanor anasimulia kwa nafsi ya kwanza, katika sehemu tatu: siku njema, siku mbaya na siku bora zaidi. Mwanzoni msomaji huchekeshwa na ukavu wa maneno yake, kisha hugundua kuwa ukavu huo ni ngao.

Uponyaji hauletwi na mapenzi, kwani Raymond anabaki rafiki. Unaletwa na mambo madogo: kutembelewa, kulishwa, kumtunza paka, na kusema ukweli mbele ya mtu anayesikiliza.

Tuzo

Riwaya ilipata Tuzo ya Costa ya riwaya ya kwanza kwa mwaka 2017, na mwaka 2018 ilitajwa kuwa kitabu cha mwaka katika British Book Awards.