Barafu ya Barking

Kwenye gati hili la Barking kando ya Mto Roding, Samuel Hewett (1797–1871) aliendesha kundi la majahazi ya uvuvi lililoitwa Short Blue, kutokana na bendera yake ya buluu. Si yeye wa kwanza duniani kuhifadhi samaki kwa barafu, lakini aliifanya biashara kubwa. Majira ya baridi wakulima waliyajaza maji mashamba ya bondeni. Maji yalipoganda, barafu ilivunjwa vipande, ikasombwa kwa mikokoteni hadi ghala lenye kuta nene, ikawekwa hadi kiangazi. Majahazi yalibaki Bahari ya Kaskazini wiki nyingi, huku mashua za kasi zikikimbiza samaki waliofukiwa barafuni hadi soko la samaki la Billingsgate, London. Reli ilipofika bandari za pwani ya mashariki ya Uingereza, uvuvi ukahamia huko.