Kiatu cha Kila Siku na Dhana ya Uungwana: Kutoka Pwani hadi Swima

1. Utangulizi

Mengi yameandikwa kuhusu kanga, kanzu na kofia katika historia ya jamii za Waswahili. Kiatu, kinyume chake, kimeachwa mlangoni, mahali ambapo desturi yenyewe hukiacha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuchagua kiatu cha kila siku, jambo ambalo leo huhesabiwa kuwa la mfuko na la upendeleo wa mtu, lilikuwa kwa muda mrefu suala la hadhi: nani aruhusiwe kuvaa kiatu, na nani aende miguu mitupu. Mahali pa kulitazamia suala hilo ni Swima, katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini. Kijiji hiki kiko kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Kiswahili kilifika huko kwa miguu, mabegani mwa wapagazi na nyuma ya misafara.

2. Neno na kitu

Neno kiatu si la kuazima. Lina ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu, kama vile kĩratũ katika Kigikuyu. Konsonanti iliyokuwa mwanzoni mwa mzizi imedondoka katika Kiswahili. Kwa hiyo kifaa cha kukinga wayo kilijulikana kabla ya wageni kuja, na kilikuwa zaidi ndara ya ngozi iliyofungwa kwa kanda.

Pwani iliongeza aina zake. Kulikuwa na viatu vya mti, vilivyoitwa pia mitalawanda kwa jina la mti uliochongwa. Mvaaji alikibana kigingi kidogo, yaani msuruaki, kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Kulikuwa na makubadhi ya ngozi yenye mapambo. Kireno kilileta sapatu, neno ambalo kwa upande wa magharibi lilienea zaidi, hata likawa jina la kawaida la kiatu katika Kilingala. Kutoka Bara Hindi likaja neno champali.

Viatu hivi vingi vina sifa moja ya pamoja: huvaliwa na kuvuliwa bila kuinama sana. Sifa hiyo inaeleweka katika jamii ambamo mtu huvua viatu aingiapo msikitini, na vilevile akanyagapo mkeka wa mwenyeji wake. Kiatu kilichofaa kwa kila shughuli hakikuwa kile kigumu kuliko vyote, bali kile kilichojua adabu ya mlango.

3. Miguu mitupu njiani

Adabu hiyo haikuwa ya wote. Katika Unguja ya karne ya 19, mtumwa kwa desturi hakuvaa viatu wala kufunika kichwa kama muungwana. Ndiyo maana baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria huko mwaka 1897, mavazi yalikuwa miongoni mwa njia za kwanza ambazo kwazo walioachiwa huru walitangaza kwamba wao pia ni watu. Hapa isimu inaitegemeza historia: wapagazi waliotoka Unguja kwenda bara walijiita Waungwana, ingawa wengine wao walikuwa bado watumwa, na Kiswahili walichokieneza upande wa Kongo kikaja kuitwa Kingwana katika vitabu vya wakoloni. Lugha ilichukua jina la uhuru ambao baadhi ya wasemaji wake hawakuwa nao.

Njiani, tofauti kati ya mwenye kiatu na asiyenacho ilikuwa ya uhai na kifo. Mwaka 1870 David Livingstone alilazwa kwa miezi kadhaa huko Bambarre, yaani Kabambare ya leo, magharibi ya Fizi, kwa vidonda vilivyomla miguu yote miwili. Yeye mwenyewe aliandika kwamba vidonda hivyo viliwaua watumwa wengi, na kwamba vilio vyao vilisikika usiku kambini. Ikiwa mzungu mwenye viatu aliangushwa hivyo, hali ya aliyefungwa mnyororo haihitaji maelezo.

Mwaka 1872 likaongezeka balaa jingine. Funza, mdudu aingiaye chini ya ukucha, aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola. Alisafiri na misafara ya watu, na kufikia mwisho wa karne hiyo alikuwa amevuka bara hadi Bahari ya Hindi. Watu wengi walipoteza vidole. Tangu hapo kutembea miguu mitupu, jambo lililokuwa la kawaida kwa wengi, kukawa hatari ya kila siku.

4. Kiatu kama cheti

Utawala wa kikoloni haukuondoa ngazi hizo, uliziandika upya. Picha za askari wa mwanzo wa Force Publique zawaonyesha wakiwa na tarbushi nyekundu vichwani na miguu mitupu chini, huku afisa wao akiwa na buti. Baadaye, kwa amri ya mwaka 1952, Mkongo aliyetaka kuandikishwa kuwa ameendelea alikaguliwa mwenendo wake hata nyumbani mwake. Katika mazingira hayo kiatu cha ngozi kilichopigwa rangi kilikuwa zaidi ya vazi: kilikuwa ushahidi.

Wanasape wa Brazzaville na Kinshasa, ambao Papa Wemba (aliyefariki mwaka 2016) aliwapa sifa duniani, waliupindua ushahidi huo. Walivaa kiatu cha Weston cha Ufaransa si kwa kutaka kibali cha mtawala, bali kwa kujipa wenyewe cheo ambacho hakuna aliyewapa. Hata hivyo, kiatu cha namna hiyo ni cha siku ya kuonekana. Hakishuki mtumbwini wala hakipandi matopeni wakati wa masika.

5. Kandambili, raba na chagua

Jibu la watu wa kawaida lilikuwa jingine. Wakati wa Dola Huru ya Kongo (1885–1908) mpira ulikamuliwa misituni kwa mabavu, ukapelekwa ng'ambo. Katika karne ya 20 mpira ulirudi Afrika ya Mashariki na Kati kama gurudumu la gari, na gurudumu lililochakaa likakatwa kuwa ndara. Tanzania huitwa katambuga, Kenya akala. Ukarudi tena kama raba, na kama kandambili.

Neno kandambili linastahili kuangaliwa. Wakati raba na buti yameazimwa, hili limeundwa na Waswahili wenyewe kwa kutazama umbo: kanda mbili, basi. Kivu na katika nchi jirani husikika kambambili, ambapo nd imesilimishwa na mb inayofuata. Kiatu hiki kilitimiza masharti yote ya zamani: huvuliwa mlangoni kwa hatua moja, huoshwa ziwani, hukauka upesi. Kilitimiza pia sharti jipya: maskini aliweza kukinunua.

Kisha yakaja mavazi yaliyokwisha kuvaliwa, mitumba kwa Watanzania. Nchini Rwanda huitwa caguwa, neno litokanalo na kitenzi cha Kiswahili chagua. Jina hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mjukuu wa mtu aliyekatazwa kiatu sasa anainama juu ya lundo, anapima soli kwa kidole, anatafuta rangi inayolingana na suruali yake ya kazi na ya Jumapili pia. Lundo ni la mabaki ya wengine, lakini jicho linalochagua ni lake.

Hata hivyo, uchaguzi huo ni dhaifu. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Safari rasmi za kuwarudisha kwa meli hadi Baraka zilianza Oktoba 2005. Anayekimbia usiku hachagui. Huvaa kilicho karibu na mlango, au hakivai kabisa.

6. Hitimisho

Kwa mkazi wa Swima, kiatu cha kila siku hupimwa kwa mchanga wa ufukweni, kwa tope la barabara, kwa mlango wa msikiti au kanisa, na kwa darasa. Kikifaa kwa hayo yote, ndipo haiba ya mvaaji huingia: ukanda wa rangi hii na si ile, raba nyeupe inayosuguliwa kila jioni. Huenda mtazamaji akaona hayo kuwa mambo madogo. Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba si madogo. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Na hiari hiyo, kwa watu wa njia za misafara, ilianzia kwenye unyayo.