Rekodi Zilizo Ngumu Kuvunjwa

Katika nchi ya Waisukha na Waidakho, karibu na mji wa Kakamega, watu wamezoea kubishana juu ya mafahali. Fahali wa Khayega aliyeshinda zamani husemwa kuwa alimpita huyu wa leo, na yule wa Malinya naye hakosi watetezi. Ubishi huo hauna mwisho, maana hakuna aliyeandika kitu. Wazee waliomwona fahali wakifa, sifa zake nazo hufa. Mchezo wa kriketi ni kinyume cha hayo. Wachezaji wake wana desturi ya zamani sana ya kuandika kila tukio daftarini, hata leo mtu aweza kumlinganisha mpigaji wa mwaka 1930 na mpigaji wa mwaka 2010 kwa tarakimu tupu. Wala kwa sababu hiyo ubishi haukukoma, naona umezidi. Hapa Shirere, ambako watoto wengi hawajapata kulishika gongo la kriketi, wanafunzi wa ualimu waliwahi kuniuliza ni rekodi gani ya upigaji iliyo ngumu kuvunjwa kuliko zote. Swali hilo ni jema kuliko linavyoonekana, kwa maana ugumu si wa aina moja.

Kwanza yafaa kumweleza msomaji asiyeujua mchezo wenyewe. Mrushaji hurusha mpira akikusudia kuviangusha vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma ya mpigaji. Mpigaji huukinga au huupiga kwa gongo, na kila mara yeye na mwenzake wanapokimbia na kupishana, huhesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa chini, ni mikimbio minne; ukivuka bila kugusa chini, ni sita. Mirusho sita hufanya ova moja. Mpigaji akitolewa, zamu yake imekwisha.

Wengi watakaoulizwa swali letu watalitaja jina la Donald Bradman wa Australia. Huyu alicheza mechi 52 kubwa za kimataifa, zile zichukuazo siku kadhaa, akapiga zamu 80, akakusanya mikimbio 6,996. Katika zamu 10 hakutolewa, basi jumla hiyo hugawanywa kwa 70, na wastani wake ni 99.94. Tarehe 14 Agosti 1948 aliingia uwanja wa Oval, London, kwa zamu yake ya mwisho. Mikimbio minne tu ingalimtosha kufikisha wastani wa 100 kamili. Eric Hollies wa Uingereza alimtoa kwa mrusho wa pili, naye hakupata hata mkimbio mmoja. Tangu siku hiyo wametokea wapigaji hodari wa kila taifa, lakini walio bora kabisa kati ya wale waliocheza miaka mingi wamekomea karibu na 60. Hebu fikiri mtu arukaye juu akawapita wenzake wote kwa zaidi ya nusu ya kimo chao!

Hata hivyo mimi sikubali kwamba rekodi hiyo ndiyo mwisho wa hoja. Ni ngumu kwa sababu mtu mmoja alikuwa na kipawa kisichopata kuonekana tena. Mlango wake lakini haukufungwa. Kila mwaka vijana wa Australia, India na Uingereza huanza kucheza mechi zile zile, na kila mmoja wao anaruhusiwa kujaribu.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika rekodi ya mikimbio mingi kwa zamu moja. Garfield Sobers alipata 365 mwaka 1958, na rekodi yake ikadumu miaka 36. Brian Lara akapata 375 mwaka 1994; Matthew Hayden wa Australia akapata 380 mwaka 2003; na mwezi wa Aprili 2004, huko Antigua, Lara akairudisha kwake kwa mikimbio 400 bila kutolewa. Mwaka 2025 nusura ivunjwe tena. Wiaan Mulder, nahodha wa Afrika Kusini, alikuwa amefikia 367 bila kutolewa dhidi ya Zimbabwe mjini Bulawayo, na siku za mchezo zilikuwa bado nyingi mbele yake. Akaifunga zamu ya timu yake, kisha akasema kwamba rekodi hiyo inamstahili Lara aendelee kuwa nayo. Wako waliomsifu, wako waliomlaumu. Kwangu mimi, mtu anayeweza kuiacha rekodi kwa heshima ni mtu aliyeweza kuifikia.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo rekodi tuliyoiona ikiwekwa kwetu. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Gymkhana, Nairobi, Shahid Afridi wa Pakistan alipata mikimbio 100 kwa mirusho 37 dhidi ya Sri Lanka, katika mechi ya siku moja. Mara 11 aliupeleka mpira nje ya mpaka bila kugusa chini. Vitabu viliandika kuwa alikuwa na miaka 16, ingawa baadaye mwenyewe alieleza kuwa umri wake ulikuwa mkubwa kuliko huo. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na katika hewa nyepesi mpira huenda mbali. Rekodi hiyo ilidumu miaka 17 na zaidi, mpaka tarehe 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mirusho 36. Mwaka uliofuata AB de Villiers wa Afrika Kusini alitumia 31. Rekodi za upesi ndizo hasa zivunjikazo, kwa kuwa magongo yameboreshwa na wapigaji wamejifunza ushupavu.

Lakini kuna rekodi za namna nyingine, ambazo hazilindwi na kipawa cha mwenyewe bali na kalenda. Jack Hobbs wa Uingereza alipata mia moja mara 197 katika mechi zote za daraja la kwanza. Wahesabu wengine husema mara 199. Aliendelea kucheza mpaka mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 50, na siku zile mchezaji wa Uingereza alicheza mechi nyingi mno kila kiangazi. Siku hizi mechi hizo zimepunguzwa sana. Hata akizaliwa mpigaji aliye bora kuliko Hobbs, atazipata wapi zamu za kutosha?

Na hapa ndipo ninapoifikia Kenya. Mwezi wa Oktoba 1997, mjini Nairobi, Kennedy Otieno na Dipak Chudasama waliianza zamu ya Kenya dhidi ya Bangladesh, wakapata pamoja mikimbio 225 kabla mmoja wao hajatolewa. Wakati ule hapakuwa na jozi ya kwanza duniani iliyopata kufika hapo katika mechi za siku moja. Wahindi Tendulkar na Ganguly waliwapita mwaka 1998 kwa 252. Chudasama alipata 122, na Otieno 144, ambayo hakuna Mkenya mwingine aliyeifikia katika mechi hizo. Steve Tikolo naye ndiye Mkenya pekee aliyepita mikimbio 3,000. Hao ni watu wa kizazi kilichoishinda West Indies mjini Pune mwaka 1996, kikaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, Tikolo akiwa nahodha.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 Kenya ilishindwa katika mashindano ya kufuzu huko New Zealand, ikanyang'anywa hadhi ya mechi rasmi za siku moja. Miaka kumi baadaye ilikuwa haijarudishiwa. Yapo mashindano mafupi ya ova 20 ambayo Kenya huyacheza, na tarakimu zake huandikwa mahali pengine. Ile 144 ya Otieno haikaribiwi na mtu. Tarakimu yenyewe si kubwa sana. Katika nchi nyingine wako vijana wengi walioipita. Ya Bradman imewashinda wote waliojaribu; hii haina wa kuijaribu, nami naihesabu kuwa ngumu zaidi.

Namkumbuka pia Collins Obuya, ndugu yake Otieno. Mwezi wa Machi 2011, mjini Bangalore, Kenya iliwakabili Waaustralia katika Kombe la Dunia. Hakuna Mkenya aliyekuwa amepata mia katika Kombe hilo. Tikolo alifika 96 mwaka 1996. Obuya alimpita, akaendelea. Ova 50 zilipokwisha alikuwa bado amesimama, hajatolewa, na mikimbio 98. Kombe hilo lilichezwa tena mwaka 2015, 2019 na 2023, na Kenya haikuwamo.