Karteli na njama ya bei

Magazeti ya Kenya humwita "karteli" karibu kila tajiri anayeshukiwa: dalali wa sukari, mwagizaji wa mchele, hata mwanasiasa mwenye jamaa bandarini. Kwenye sheria ya ushindani neno hili lina mipaka. Karteli ni kampuni zinazopaswa kushindana ambazo hukubaliana kwa siri zisishindane. Anayeshika soko zima peke yake ana ukiritimba. Karteli haiwezi kuundwa na mtu mmoja.

Chukua saruji ya Afrika Kusini. Hadi mwaka 1996 wazalishaji walikuwa na ruhusa ya serikali kugawana soko. Ruhusa ilipofutwa wakaanza kupunguziana bei, na mnunuzi akapumua kidogo. Mwaka 1998 wakakaa faragha, wakarudishiana mgawo ule ule wa zamani, safari hii kinyume cha sheria.

Ugumu wa karteli ni kwamba wanachama wake hawaaminiani. Kila mmoja anatamani kuuza magunia machache ya ziada kwa bei ya chini. Kwa hiyo kampuni hizi zilipeleka takwimu za mauzo ya kila mwezi, eneo kwa eneo, kwenye taasisi ya sekta yao, nazo zikarudishiwa jumla. Mwenye kujua chake na jumla hupiga hesabu ya sehemu yake, na aliyevuka mgawo hujulikana. Takwimu zenyewe zilionekana kama karatasi za kawaida za ofisi, na ndiyo maana zilidumu miaka.

Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilipofanya upekuzi mwaka 2009, PPC, mmoja wa wazalishaji hao, ilitangulia kukiri na kutoa ushahidi, ikasamehewa faini. Mwenzake AfriSam ililipa takriban randi milioni 125 mwaka 2011, na Lafarge takriban milioni 149 mwaka 2012. Msamaha huo huwaudhi wengi, nami sioni njia nyingine: bila wa kwanza kusema, siri ya karteli haitoki chumbani.

Sasa, kitendo chao tukiiteje? Wengi huandika "kupanga bei". Lakini mama wa genge hupanga bei ya nyanya kila asubuhi na hajamkosea mtu. Kosa linaanza anapokubaliana na wauzaji wenzake. "Njama ya bei" inabeba siri na ushirika kwa pamoja, nami ningependa waandishi waizoee, huku "karteli" ikibaki jina la kundi lenyewe.

Tukirudi kwenye adhabu, faini ya AfriSam ilikuwa asilimia 3 ya mauzo yake ya saruji ya mwaka 2010, na ya Lafarge asilimia 6, ilhali sheria iliruhusu kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni. Tangu Mei 2016, mkurugenzi anayeingiza kampuni yake kwenye karteli nchini Afrika Kusini anaweza kufungwa hadi miaka 10.